Kidogo kikigonga kikubwa, kikubwa husogea

Saa 8:14 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, usiku wa kuamkia Jumanne, Septemba 27, 2022, chombo kimoja cha Marekani kilijibamiza kwa makusudi kwenye jiwe lililokuwa kilomita milioni 11 kutoka duniani. Chombo hicho kiliitwa DART. Kilikuwa na kilo 579 na kilikwenda zaidi ya kilomita 22,000 kwa saa. Kamera yake ilirusha picha moja kila sekunde: kwanza nukta, kisha yai la kijivu, kisha mawe yaliyolundikana juu ya mawe. Picha ya mwisho ilifika kipande tu, kwa sababu aliyekuwa akiituma hakuwepo tena.

Jiwe lililogongwa linaitwa Dimorphos. Lina upana wa takribani mita 150, nalo ni mwezi mdogo unaozunguka jiwe kubwa zaidi, Didymos, lenye upana wa karibu mita 780. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililokuwa likiitishia dunia. Yalichaguliwa kwa sababu ni pahali pazuri pa kufanyia jaribio. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilitaka kujua kama binadamu anaweza kulisukuma jiwe la angani kwa kuligonga tu, bila bomu.

Dimorphos inakadiriwa kuwa na tani zaidi ya milioni 4. Kwa kila kilo moja ya chombo, jiwe lilikuwa na kilo zaidi ya milioni 7. Je, kitu kidogo kiasi hicho kinaweza kusogeza kitu kikubwa kiasi hicho? Swali hili lilishawahi kujibiwa na mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Ulaya, na jibu lake lilikuwa hapana.

Kanuni ya nne ya Descartes

Mwaka 1644 Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu chake cha misingi ya falsafa. Ndani yake aliandika kwamba Mungu alipoumba ulimwengu aliupa kiasi fulani cha mwendo, na kiasi hicho hakiongezeki wala hakipungui. Vitu vinapogongana hupokezana tu. Wazo hilo lilikuwa na mbegu ya ukweli. Kisha akatoa kanuni saba za migongano, na hapo ndipo alipopotea. Kanuni ya nne ilisema kwamba kitu kidogo kikikigonga kikubwa kilichotulia, hakitakisogeza kamwe, hata kije kwa kasi gani. Kidogo kitadunda na kurudi kilikotoka, na kikubwa kitabaki palepale.

Descartes alijua kwamba yanayoonekana kila siku hayakubaliani na kanuni hiyo. Alijitetea kwamba vitu tunavyoviona vimezungukwa na hewa na vitu vingine vinavyochafua matokeo. Kwa hoja yake, jiwe lililoko peke yake katika utupu wa anga lingekuwa ndipo mahali pa kuiona kanuni yake ikitimia. DART, bila kukusudia, ilikwenda kuipima huko huko.

Kosa lake lilikuwa katika kuhesabu. Alichukua ukubwa wa kitu akauzidisha kwa kasi, lakini hakujali kitu kinaelekea wapi. Kwake yeye, vitu viwili vinavyokimbiliana na viwili vinavyokwenda pamoja vilikuwa na jumla moja ya mwendo, mradi kasi zao ziwe sawa.

Mholanzi Christiaan Huygens, ambaye baba yake alikuwa rafiki wa Descartes, alianza kuzitilia shaka kanuni hizo mwanzoni mwa miaka ya 1650, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hoja yake aliijenga juu ya mashua za mifereji ya Uholanzi. Mtu amesimama ndani ya mashua inayoteleza taratibu kandokando ya ukingo. Ameshika mipira miwili inayolingana, inayoning'inia kwenye nyuzi, naye anaigonganisha kwa kasi sawa. Kwa macho yake, kila mpira unadunda na kurudi kwa kasi uliyojia. Lakini kwa mtu aliyesimama ukingoni, kama mashua inakwenda kwa kasi ileile ya mipira, mpira mmoja ulikuwa umetulia na mwingine ulikuja na kasi maradufu. Baada ya kugongana imebadilishana mwendo: uliotulia umeondoka na kasi yote, uliokuja umesimama. Mgongano ni mmoja, watazamaji ni wawili, na sheria inapaswa kuwafaa wote. Kanuni za Descartes zilishindwa mtihani huo.

Mwaka 1668 Chama cha Kifalme cha wanasayansi jijini London kiliwaomba wajuzi watatu waeleze sheria za migongano: John Wallis, Christopher Wren na Huygens. Wallis alishughulikia vitu vinavyogandamana vikigongana. Wren na Huygens walishughulikia vinavyodunda. Waliandika mbalimbali, lakini majibu yao, yaliyochapishwa mwaka 1669, yalikubaliana juu ya jambo moja: ukiuhesabu mwendo pamoja na mwelekeo wake, ukiweka alama ya kujumlisha kwa unaokwenda upande huu na ya kutoa kwa unaokwenda upande ule, jumla ya kabla ya mgongano ni sawasawa na jumla ya baada yake.

Kiasi hicho ndicho tunachokiita momenta. Ni tungamo la kitu, yaani wingi wa mada iliyomo, kuzidisha kasi yake, pamoja na mwelekeo wake.

Isaac Newton aliipa sheria hiyo mizizi katika kitabu chake cha mwaka 1687. Kitu kimoja kikikisukuma kingine, kile kingine nacho hukisukuma cha kwanza kwa kani iliyo sawa na ya upande wa kinyume. Misukumo hiyo miwili huanza pamoja na kukoma pamoja, kwa hiyo kile anachopata mmoja ndicho hasa alichopoteza mwenzake. Newton hakuishia kwenye karatasi. Alining'iniza mipira kwenye nyuzi ndefu akaigonganisha: ya chuma, ya kioo, ya gome laini la mti na ya sufu iliyobanwa. Ile ya kioo ilidunda sana, ya sufu ilidunda kidogo. Hata hivyo hesabu ya momenta ilifunga kila mara.

Nishati hutawanyika, momenta hubaki

Majaribio hayo ya Newton yanatenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Nishati ya mwendo si lazima ibaki katika mwendo baada ya mgongano. Sehemu yake hugeuka kuwa joto, sauti, bati lililokunjika na jiwe lililopasuka. Nishati haikupotea ulimwenguni, lakini imetoka katika mwendo unaoonekana na haitarudi. Momenta haina mlango kama huo wa kutokea. Hakuna momenta ya joto wala momenta ya bati lililopinda. Kama hakuna kani ya nje inayoingilia, yote lazima ionekane katika vitu vyenyewe na vipande vyake vikienda.

DART ilifika na nishati ya takribani jouli bilioni 11, sawa na baruti ya TNT ya tani mbili na nusu hivi. Karibu yote ilimalizika kwa kuyeyusha, kusaga na kurusha mawe. Anayeangalia nishati peke yake hawezi kusema Dimorphos ilisukumwa kiasi gani. Anayeangalia momenta anaweza.

Sheria hiyohiyo inafanya kazi kila siku kwenye barabara zetu, na humo inaeleza jambo ambalo dereva yeyote wa bodaboda anapaswa kulijua. Chukua basi la tani 15 linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ligongane uso kwa uso na pikipiki ambayo pamoja na dereva wake ina kilo 200 na inakwenda kilomita 60 kwa saa. Tuseme vinagandamana. Momenta aliyoipoteza mmoja ni ileile aliyoipata mwingine, hakuna aliyependelewa. Lakini mgawo huo unapogawanywa kwa tungamo la kila mmoja, basi linapungua kutoka 80 hadi 78. Pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 60 kwa saa upande mmoja inajikuta, kufumba na kufumbua, ikienda 78 upande wa kinyume. Abiria wa basi wameonja badiliko la kilomita 2 kwa saa. Mwenye pikipiki ameonja badiliko la 138. Kofia ngumu haipunguzi hata chembe ya momenta hiyo. Inachofanya ni kurefusha kidogo muda ambao kichwa kinasimamishwa, na kani inayopiga fuvu hupungua kadiri muda huo unavyorefuka.

Kinachopasa kuonekana katika hesabu hiyo ni kwamba basi nalo limesogezwa. Kidogo sana, lakini si sifuri. Hapo ndipo Descartes alipokosea, na hapo ndipo waliotuma DART walipoweka tumaini lao lote.

Kupunguza mwendo ili kuharakisha

Kabla ya kugongwa, Dimorphos iliizunguka Didymos kwa saa 11 na dakika 55, ikienda polepole sana, takribani sentimita 17 kwa sekunde, umbali wa kilomita moja na kitu kutoka kwa mkubwa wake. DART iliingia karibu uso kwa uso na mwendo huo, ili kuupunguza.

Jambo la kushangaza kwa asiyezoea mambo ya anga ni kwamba kulipunguzia jiwe kasi kulifanya mzunguko wake uwe wa haraka zaidi. Jiwe linalozunguka hubaki juu kwa sababu ya mwendo wake. Ukilipunguzia mwendo, linashuka kidogo kuelekea kwa mkubwa wake. Likishuka, njia yake inafupika na mvuto unalikimbiza zaidi. Kwa hiyo kipimo kilikuwa tayari: tazama kama mzunguko umefupika, na kwa muda gani.

Hakuna aliyehitaji kwenda huko kupima. Kutoka duniani mawe hayo mawili yanaonekana kama nukta moja ya mwanga, lakini nukta hiyo hufifia kidogo kila mara dogo linapopita mbele ya kubwa au linapojificha nyuma yake. Ukihesabu muda kati ya kufifia na kufifia, umepata muda wa mzunguko.

NASA ilikuwa imejiwekea lengo la chini kabisa: mzunguko ubadilike angalau kwa sekunde 73. Oktoba 11, 2022 matokeo yalitangazwa. Mzunguko ulikuwa umefupika kwa dakika 32, na vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba ni dakika 33. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kubadili kwa makusudi njia ya kitu cha angani.

Badiliko la kasi lililoleta dakika hizo lilikuwa milimita 2.7 kwa sekunde.

Ziada ilitoka wapi?

Hapa msomaji mwenye kalamu anaweza kukagua hesabu mwenyewe. Kilo 579 mara kasi ya takribani mita 6,140 kwa sekunde ni momenta ya milioni 3.56. Ukiigawa kwa tungamo la Dimorphos, kilo bilioni 4.3, unapata chini ya milimita moja kwa sekunde. Kama chombo kingezama tu ndani ya jiwe na kubaki humo, mzunguko ungefupika kwa dakika 10 hivi. Ulifupika kwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Je, sheria imevunjika?

Haikuvunjika. Hesabu hiyo ilimsahau mshiriki wa tatu. Anayeruka kutoka kwenye ngalawa kwenda gatini huisukuma ngalawa irudi nyuma, kwa sababu momenta aliyoondoka nayo lazima ilipwe upande wa pili. DART ilipogonga, zaidi ya tani 1,000 za vumbi na mawe zilirushwa kurudi upande ule ambao chombo kilitokea. Kila kokoto iliyoruka iliisukuma Dimorphos upande wa kinyume. Msukumo wa kifusi hicho uliushinda msukumo wa chombo chenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kwenye jarida la Nature, wanasayansi walikadiria kwamba momenta iliyoingia katika jiwe ilikuwa mara 3.6 ya ile iliyoletwa na DART. Chombo kilileta fungu moja. Kifusi kilichoruka kikaongeza mafungu mawili na nusu.

Ukijumlisha vyote, yaani chombo, jiwe, vumbi na kila kipande kinachoelea, pamoja na mwelekeo wake, unarudi kwenye fungu lilelile moja. Wallis, Wren na Huygens wangeitambua hesabu hiyo mara moja.

Kifusi hicho kilionekana. Chombo kidogo cha Italia, LICIACube, kilichokuwa kimebebwa na DART na kuachiwa siku 15 kabla, kilipita karibu na kupiga picha za michirizi ya vumbi ikifunguka. Duniani, eneo la Bahari ya Hindi ndilo lililokuwa likitazamana na Dimorphos wakati huo. Darubini ndogo za wapenzi wa nyota, tatu zikiwa kisiwani Réunion na moja jijini Nairobi, zilinasa nukta ya mwanga ikilipuka ghafla kwa mng'ao, na vipimo vyao vikaingia katika makala ya kisayansi kwenye Nature. Mng'ao huo ulichukua zaidi ya wiki tatu kurudi ulivyokuwa. Kwa siku kadhaa baada ya mgongano, Dimorphos iliburuta mkia wa vumbi wenye urefu wa maelfu ya kilomita.

Sheria moja, mawe mbalimbali

Ziada hiyo ni habari njema, lakini pia ndiyo sehemu ngumu ya kazi. Sheria ya momenta haibadiliki kutoka jiwe moja hadi jingine. Kinachobadilika ni kiasi cha kifusi kitakachoruka, kwa kasi gani na upande gani, na hilo linategemea jiwe limeumbwaje. Picha za mwisho za DART zilionyesha kwamba Dimorphos si mwamba mmoja. Ni lundo la mawe na changarawe lililoshikwa pamoja na mvuto hafifu. Lundo la namna hiyo hurusha mengi. Lakini si mawe yote ya angani yako hivyo. Kimondo cha Mbozi, kilichopo mkoani Songwe, Tanzania, karibu chote ni chuma, nacho kina uzito wa zaidi ya tani 10. Asteroidi, yaani jiwe la angani linalolizunguka jua, iliyoumbwa kwa chuma cha namna ile ingejibu pigo kwa namna tofauti kabisa.

Hata ile 3.6 imejengwa juu ya makisio ya uzito wa Dimorphos. Kama jiwe ni jepesi au zito kuliko ilivyodhaniwa, namba inaweza kushuka hadi karibu 2 au kupanda hadi karibu 5. Ndiyo maana Oktoba 7, 2024 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha chombo chake, Hera, kikapime tungamo la Dimorphos na kulikagua jeraha lake kwa karibu. Safari ilipangwa kufika mwishoni mwa mwaka 2026.

Muda ndio silaha

Mtu anaweza kucheka: safari yote hiyo kwa milimita 2.7 kwa sekunde? Lakini angani haba na haba hujaza kibaba. Jiwe lililobadilishiwa kasi kwa sentimita moja tu kwa sekunde, likiachwa liende miaka 10, litakuwa limeachana na njia yake ya zamani kwa zaidi ya kilomita 3,000, na mzunguko wa kulizunguka jua unaweza kuukuza umbali huo hadi takribani mara tatu. Nusu ya upana wa dunia ni kilomita 6,371. Kwa hiyo msukumo usioweza hata kuonekana kwa macho unatosha kuigeuza ajali kuwa kupishana, ilimradi umefanywa mapema.

Ukichelewa, hakuna chombo kitakachotosha. Februari 15, 2013 jiwe la upana wa takribani mita 20 lililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, na vioo vilivyopasuka vikajeruhi watu wapatao 1,500. Hakuna aliyeliona likija, maana lilitokea upande wa jua. Bunge la Marekani liliiagiza NASA mwaka 2005 itafute asilimia 90 ya mawe yanayokaribia dunia yenye upana wa mita 140 au zaidi, na ikamilishe ifikapo mwaka 2020. Mwaka huo ulipita yakiwa yamepatikana chini ya nusu ya yale yanayokadiriwa kuwepo. Mawe ya ukubwa wa Dimorphos yamo katika kundi hilo.

Kwa hiyo fedha inayohitajika kwanza si ya makombora. Ni ya darubini, na ya watu wa kukesha nazo katika kila bara, Afrika ikiwamo. Nairobi ilichangia vipimo kwa darubini ndogo moja. Nchi za ukanda huu, zenye anga nyeusi za nyika na nyanda za juu, zinaweza kuchangia zaidi ya hapo bila kusubiri kuwa na roketi.

Na darasa la kuanzia limeshapangwa. Usiku wa Ijumaa, Aprili 13, 2029, asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita takribani kilomita 32,000 juu ya uso wa dunia, karibu kuliko satelaiti za mawasiliano zinazobaki juu ya sehemu ileile ya dunia. Haitatugonga, wala haitarajiwi kutugonga kwa angalau miaka 100 ijayo. Wakazi wa Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia wataweza kuiona kwa macho matupu, mawingu yakiruhusu, kama nyota inayotembea. Walimu wa fizikia, watoeni wanafunzi nje usiku huo, na kabla hawajatoka wapeni swali moja la kukokotoa: kama ingekuwa inatujia, tungehitaji kuigonga na kilo ngapi, kwa kasi gani, na miaka mingapi kabla?